Mshahara wa Kwenye Viza na Mshahara wa Mfukoni

(Mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja katika ukumbi wa parokia)

   

Mlipoletewa ratiba, wengine mlishangaa. Tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, tanki za maji na mbegu, halafu leo ati viza ya Marekani! Mama mmoja ametuuliza pale mlangoni, "Hayo yanatuhusu nini sisi wa huku?" Swali zuri. Jibu liko ndani ya madaftari yenu wenyewe. Sisi wa ofisi ya maendeleo tukipitia hesabu za vikundi siku hizi, tunakuta mstari ambao zamani haukuwepo: "mkopo wa safari ya mtoto". Mwanakikundi amekopa, wenzake watatu wamemdhamini, na mara nyingine hati ya shamba imelazwa benki. Mbele ya hapo ilikuwa harambee, na kila mmoja wetu alitoa chochote.

Na si jambo dogo. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola milioni 4,945, na Marekani ndiyo iliyoongoza. Kwa hivyo mshahara wa kijana aliyeko Dallas au Baltimore ni mradi wetu kama vile ng'ombe alivyo mradi. Ng'ombe akipunguza maziwa, tunauliza kuna nini. Mshahara ukipungua, tunamwambia mtoto avumilie. Hapo ndipo tunataka kukaa leo.

Hatutazungumzia namna ya kupata viza. Kazi hiyo si yetu. Tunazungumzia jambo moja tu: mwajiri ameandikia serikali ya Marekani kwamba atalipa pesa kiasi fulani, viza ikatolewa kwa sababu hiyo, kisha mtoto akifika analipwa chini yake. Nani anaumia, na sisi tulio nyumbani tunaweza kufanya nini?

Tuanze na karatasi zenyewe. Kijana akienda kusoma, anaomba viza mwenyewe. Lakini akienda kwa kazi ya kitaalamu, kama vile uhandisi, ualimu, uhasibu au kompyuta, hawezi kujiombea. Mwajiri ndiye humwombea. Viza inayotumika sana kwa kazi hizo inaitwa H-1B, na imetokana na sheria ya mwaka 1990. Kwanza mwajiri hupeleka karatasi kwa Idara ya Kazi ya Marekani. Humo anaahidi kwamba atamlipa mgeni huyu si chini ya anavyowalipa watu wake wengine wenye kazi na ujuzi kama huo, wala si chini ya mshahara wa kawaida wa kazi hiyo katika eneo lile. Kati ya hizo mbili, ni lazima alipe ile iliyo kubwa. Kisha anapeleka ombi lenyewe, fomu I-129, kwa ofisi ya uhamiaji. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu, na mwajiri ametia sahihi.

Kumbukeni sheria hii haikuwekwa kwa kumhurumia mgeni tu. Imewekwa pia kumlinda mwenyeji, ili tajiri asilete watu wa bei rahisi na kuwafukuza wa pale. Ndiyo sababu mfanyakazi hana ruhusa ya kusema, "Mimi nimekubali kidogo, niacheni." Kukubali kwake hakubadilishi kitu mbele ya sheria. Wale waliosoma mafundisho ya jamii ya Kanisa watakumbuka kwamba Papa Leo wa 13 alilisema jambo hilo mwaka 1891: mtu akikubali masharti mabaya kwa sababu shida imembana, hapo ameonewa, hata kama amesema ndiyo.

Sasa hesabu. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Tuseme binti ya mwanakikundi ameajiriwa na kampuni ya kompyuta katika jimbo la Texas. Ombi linasema dola 78,000 kwa mwaka. Kampuni nyingi kule hulipa kila wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Gawanyeni: ni dola 3,000 kila malipo, kabla ya kukatwa. Kisha makato yanaingia. Kuna kodi ya mapato ya serikali kuu, kuna asilimia 6.2 ya mfuko wa uzeeni, kuna asilimia 1.45 ya matibabu ya wazee, na kuna bima yake ya afya. Majimbo mengi yana kodi yao pia, ingawa Texas haina kodi ya mshahara. Mpaka pesa zifike benki, zile 3,000 zimekuwa labda 2,300.

Mama akisikia 2,300 anapiga kelele kwamba mtoto ameibiwa. La, hapo hajaibiwa. Kinachotazamwa ni ile tarakimu ya juu, kabla ya kodi. Lakini kama ile ya juu kabisa kwenye karatasi ya mshahara, ile wengi mnaiita pesilipu, inasoma 2,200, basi hapo kuna jambo. Upungufu ni dola 800 kila malipo, na kwa mwaka ni dola 20,800. Viza hii hutolewa kwa miaka hadi mitatu, na kwa miaka mitatu upungufu huo ni dola 62,400. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Sisi tulipozidisha tulinyamaza kidogo.

Kuna karatasi nyingine, fomu W-2, ambayo mwajiri humpa kila mfanyakazi mwaka ukiisha. Inaonyesha jumla aliyolipwa. Hapo pia msikimbilie kulaumu. Aliyeanza kazi Septemba atakuwa na miezi minne tu ndani yake, yaani dola 26,000 katika mfano wetu, na hilo ni sawa kabisa. Tena kisanduku cha kwanza cha fomu hiyo hakihesabu pesa alizoweka katika akiba ya uzeeni kabla ya kodi, wala bima ya afya iliyokatwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hivyo tarakimu ya pale inaweza kuwa chini ya ile ya kwenye ombi na hakuna aliyekosa. Kisanduku cha 5 huirudisha ile akiba ya uzeeni, nacho kinasaidia kulinganisha. Aliyeomba mwenyewe likizo bila malipo, kwa mfano akina mama waliojifungua, pia ana sababu nzuri, mradi ombi lake la likizo liwe limeandikwa na nakala iwekwe.

Tukishaondoa hayo, ndiyo tunabaki na upungufu wa kweli, nao una njia zake nyingi.

Njia iliyo kubwa ni kuwekwa benchi, kama mchezaji wa mpira. Kampuni nyingine huleta vijana halafu huwapeleka kufanya kazi kwa wateja. Mteja akikosekana, kijana anaambiwa akae nyumbani, hakuna kazi, hakuna pesa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Fundi wa jua kali asipopata kazi leo hali mshahara. Lakini kwa mwenye H-1B sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza. Kama ni mwajiri aliyekosa kazi ya kumpa, mshahara unaendelea wote. Hata akifika kule kutoka huku na kazi haijaanza, mshahara lazima uanze kuhesabiwa kabla ya siku 30 kupita tangu alipoingia nchini.

Nyingine ni kupunguziwa saa. Ombi lilisema kazi ya wiki nzima, mwajiri anasema biashara ni mbaya, njoo siku tatu. Kabla ya kufanya hivyo anatakiwa apeleke ombi jingine lenye saa mpya na mshahara mpya. Asipofanya, kila wiki ya siku tatu ni deni lake.

Halafu iko ile ya kukatwa gharama. Mwajiri analipa wakili na ada za ombi, kisha anazitoa kwenye mshahara wa mtoto kidogo kidogo. Haruhusiwi. Gharama za kumwombea mfanyakazi H-1B ni za mwajiri, na akizirudisha mgongoni kwa mfanyakazi, serikali inahesabu kwamba amemlipa pungufu. Kuna mfano unaojulikana. Mwaka 2011 wilaya ya shule za Prince George's, katika jimbo la Maryland ambako Wakenya wengi wanaishi, ilikubali kulipa dola milioni 4.2 kwa walimu 1,044 wa kigeni, wengi wao kutoka Ufilipino. Kosa lilikuwa hilo hilo: walimu walijilipia gharama za viza, na kwa hivyo mshahara wao ukashuka chini ya ule ulioahidiwa. Wilaya ilitozwa pia faini ya dola 100,000, ikazuiwa kwa miaka miwili kuwaombea wageni viza za namna hiyo. Hii ilikuwa ofisi ya umma, si kibanda cha mtu. Msiseme kampuni kubwa haiwezi kukosea.

Na hapa tuwaonye juu ya maajenti. Septemba 2025 rais wa Marekani alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi ile. Malipo hayo yalitajwa kuwa ya mwajiri. Ajenti akija kwenu na tangazo hilo mkononi akitaka kikundi kichange sehemu yake, mwonyesheni barabara.

Ya mwisho, nayo ni mbaya kuliko zote, ni ile ya mikataba miwili. Hii huwapata sana mabinti wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani kwa wanadiplomasia na wakubwa wa mashirika ya kimataifa. Viza zao ni A-3 na G-5. Ubalozini unapelekwa mkataba mzuri wenye saa, siku ya mapumziko na mshahara wa kisheria. Nyumbani kuna karatasi nyingine. Desemba 2013 naibu balozi mdogo wa India mjini New York alikamatwa kwa jambo hili. Kwa mujibu wa mashtaka, mkataba uliopelekwa kuombea viza ulisema msaidizi wake wa nyumbani angelipwa dola 9.75 kwa saa, na mkataba wa pili uliofichwa ulifikia kama dola 3.31. Yeye alikana mashtaka, na Januari 2014 akaondoka Marekani akiwa na kinga ya kibalozi. Tunaueleza mfano huu kwa sababu moja: binti akiambiwa "hii ya kwanza ni ya kuonyesha ubalozi tu, usijali", pale pale ajue kwamba ameshaingizwa kwenye uongo mbele ya serikali, na sahihi yake imo.

Wauguzi wetu wengi huenda kwa njia nyingine, ya grini kadi inayoombwa na mwajiri. Hapo mshahara ulioandikwa ni wa kazi atakayofanya akishapata hiyo kadi, kwa hivyo hesabu yake inaanza wakati huo. Shida ya wauguzi iko zaidi kwenye faini ya kuvunja mkataba. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kesi ya wauguzi kutoka Ufilipino waliokuwa wameahidiwa mshahara wa kawaida wa eneo lile na hawakulipwa, huku wakitishwa kwamba akiondoka mmoja atalipa hadi dola 25,000. Mahakama ilisema mshahara ulivunja mkataba, na kwamba faini ile ilikuwa ya kuwatisha ili wasiondoke, kinyume cha sheria inayozuia biashara ya watu. Kwa hivyo muuguzi akikuletea mkataba wenye faini kama hiyo, asitie sahihi kabla ya mtu mwenye ujuzi kuusoma.

Basi nani anaumia? Kosa ni la mwajiri, hilo tumelisema. Lakini sikilizeni jinsi linavyomrudia mtoto. Miaka mitatu ikiisha, viza inataka kuongezwa. Mwajiri huyo huyo au mwingine mpya anapeleka ombi, na ofisi ya uhamiaji inaweza kudai karatasi za mshahara na W-2. Wanaweka tarakimu mbili pamoja. Kama alipaswa kulipwa 78,000 na amelipwa 57,200, wanauliza: huyu kweli alikuwa akifanya kazi aliyoombewa? Wanaweza kusema hakukaa kwa masharti ya viza yake. Wanaweza kulikubali ombi la mwajiri lakini wakamnyima ruhusa ya kuendelea kukaa, akalazimika kutoka nje na kuomba viza upya ubalozini, Nairobi, na huko aulizwe yale yale. Mwenye kuiba anabaki ofisini kwake, na aliyeibiwa ndiye anayefunga mizigo.

Tena kila mwezi anaonyamaza unaongeza ushahidi wa kumuumiza. Mwezi mmoja wa upungufu unaweza kuelezwa. Miaka miwili ya upungufu, bila barua hata moja ya kulalamika, ni vigumu kuieleza.

Sasa kwa nini ananyamaza? Tuseme ukweli, mara nyingine ni sisi tunaomnyamazisha. Analipwa pungufu, lakini huku deni la kikundi linamngoja, hati ya shamba iko benki, ndugu zake wana karo, na kila Jumapili jioni simu inaita. Akisema "huku mambo si mazuri", tunamjibu kwamba wenzake wanajenga nyumba za mawe. Akisema anataka kumshtaki mwajiri, tunamwambia asilete maneno, avumilie mpaka deni liishe. Mficha uchi hazai, na sisi wazazi ndio tunaomfundisha kuficha. Mwajiri mbaya hajui jina la kijiji chetu, lakini anategemea deni letu kumshika mtoto pale pale alipo. Wale mliokuja na Biblia, someni Yakobo sura ya 5 mkirudi nyumbani, juu ya ujira uliozuiliwa. Kwa kawaida tunaisoma tukiwafikiria matajiri.

Hebu tuangalie anachoweza kufanya. Kwanza aweke karatasi zake. Sheria inasema mwenye H-1B apewe nakala ya ile karatasi iliyopelekwa Idara ya Kazi, siku ya kuripoti kazini au kabla yake. Wengi hawaiulizi. Aiulize, ailinganishe na mshahara, na kila karatasi ya malipo aitunze. Aandike saa alizofanya, na siku alizoambiwa akae nyumbani, na nani alimwambia. Ajitumie picha zake kwa simu, au awatumie nyinyi mumwekee. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni mshahara.

Akiona upungufu, amwandikie mwajiri kwa upole aulize. Mara nyingine ni kosa la karani na linarekebishwa. Asiporekebishiwa, kuna kitengo cha mishahara na saa za kazi katika Idara ya Kazi ya Marekani. Malalamiko ya H-1B hupelekwa kwa fomu WH-4, na ni lazima yafike ndani ya miezi 12 tangu kosa litendeke. Miezi 12! Ndiyo sababu tunasema kumwambia mtoto avumilie miaka mitatu ni kumchomea kesi yake. Hakuna malipo, na kitengo hicho hushughulikia malalamiko kwa siri. Simu yao ni 1-866-487-9243, ni ya bure kwa aliyeko kule. Mwajiri akipatikana na kosa anaamriwa kulipa upungufu wote, anaweza kutozwa faini, na anaweza kufungiwa asiombee wageni kwa mwaka mmoja au zaidi.

Sheria inamkataza mwajiri kulipiza kisasi. Lakini tusidanganyane, kisasi hutokea, na mtoto anaogopa kwa haki. Kwa hivyo ajue na haya. Akifukuzwa, tangu mwaka 2017 kuna kanuni inayoweza kumpa hadi siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine kabla ya kuhesabiwa kuwa amekaa bila ruhusa. Mwajiri mpya akishapeleka ombi lake wakati kijana bado yuko kwa masharti ya kisheria, anaweza kuanza kazi pale mara moja bila kungoja jibu. Mwajiri aliyemfukuza kabla ya muda wa viza kuisha anatakiwa kugharamia safari yake ya kurudi nyumbani. Na aliyelalamika akiwa na karatasi zake anaweza kuionyesha ofisi ya uhamiaji kwamba upungufu haukuwa wake, naye akafikiriwa tofauti na yule aliyenyamaza.

Wale wa kazi za nyumbani wana msaada mwingine. Tangu sheria ya mwaka 2008, ubalozi unapaswa kuwapa kijitabu cha haki zao wakati wa mahojiano ya viza. Binti akiambiwa asikisome, aulize kwa nini. Pasipoti yake ni yake, mwajiri hana ruhusa ya kuifungia kabatini. Akiwa katika hatari, simu ya taifa ya wanaonaswa katika biashara ya watu ni 1-888-373-7888, saa zote.

Pia awatafute watu wa Kanisa kule. Majimbo mengi ya Kanisa Marekani yana ofisi za Caritas za kwao, zinazoitwa Catholic Charities, na nyingi zinasaidia mambo ya uhamiaji bila kuuliza dini. Maaskofu wa Marekani walianzisha mwaka 1988 mtandao wa mawakili wa uhamiaji unaoitwa CLINIC, unaosaidia ofisi kama hizo. Kuuliza kwa ofisi hizo ni bora kuliko kuuliza kwa rafiki wa rafiki anayesema "mimi pia nilipitia hayo".

Turudi kwa vikundi. Hatusemi msikopeshe safari. Tunasema msikopeshe gizani. Mwanakikundi akiomba mkopo wa ng'ombe mnakwenda kumwona ng'ombe. Akiomba mkopo wa safari ya kazi, kamati ione karatasi. Mwajiri ni nani, yuko mji gani, mshahara ulioandikwa ni ngapi, umeandikwa wapi, na ni nani analipa ada za viza. Kama kuna ajenti wa huku Kenya, angalieni kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Msijali mkiambiwa mnaingilia mambo ya watu. Pesa ni za kikundi. Na marejesho ya mkopo yahesabiwe kwa ile 2,300 ya mkononi, iliyobaki baada ya kodi, kodi ya nyumba na chakula chake kule. Msihesabu kwa ile 78,000 ya kwenye karatasi. Tumeona vikundi vikipanga marejesho kama kwamba kijana hali wala halali.

Maswali yalikuwa mengi, tunaandika machache.

Mzee mmoja wa safu ya mbele aliuliza: je, kama mwajiri anaandika mshahara wote kwenye karatasi, kisha anamtaka kijana amrudishie sehemu kwa mkono? Mzee, hilo lipo, na ni kosa lile lile, tena baya zaidi. Karatasi inaonekana safi, kwa hivyo ushahidi ni vigumu kupata. Asirudishe pesa taslimu. Akilazimishwa, apitishe benki ili kubaki na alama, na apeleke malalamiko.

Mama mmoja aliuliza kama mambo haya yanamhusu mwanawe aliyeshinda bahati nasibu ya grini kadi. Hapana. Huyo hakuombewa na mwajiri, hana mshahara ulioandikwa kwenye viza. Akilipwa chini ya kima cha chini cha jimbo lake au asipolipwa, anaweza kulalamika kama Mmarekani yeyote, lakini viza yake haitikisiki kwa ajili hiyo.

Kijana mwalimu aliuliza kama kikundi kinaweza kumdai mwajiri, kwa vile pesa zilizopotea zilikuwa za kulipa mkopo wao. Hakiwezi. Anayedai ni mfanyakazi mwenyewe.

Mweka hazina mmoja akauliza la mwisho, na ndilo lililozua kelele nyingi ukumbini: basi tufanye nini na mkopo wa mtu ambaye mtoto wake amelalamika na sasa amefukuzwa? Ushauri wetu ni huu. Mzazi alete kwa kamati nakala ya malalamiko, au barua ya kufukuzwa. Faini ya kuchelewa isimamishwe kwa miezi sita, na riba ya miezi hiyo isiongezwe. Alipe anachoweza, hata kama ni mayai ya wiki, ili daftari lisilale. Wadhamini wakutane naye mbele ya katibu kabla ya mtu yeyote kugusa ng'ombe wake. Na hayo yaandikwe kwenye kanuni za kikundi sasa, wakati hakuna aliyefukuzwa, kwa sababu siku ile mtakuwa mnaamua juu ya jirani mliyekosana naye juu ya mpaka.